Kazi Iliyo Nyuma ya Mbio za Pikipiki

Watu wengi watazamapo picha za mbio za pikipiki huona mtu aliyevaa ngozi kutoka shingoni mpaka miguuni, ameinama juu ya mtambo wake, na goti lake karibu lagusa barabara. Husema moyoni kwamba huyu ni shujaa, au ni mtu asiye na akili. Ni wachache waulizao ni nani aliyeikaza nati ya gurudumu la mbele, na aliikaza lini, na kwa mwanga wa taa gani. Katika makala haya nataka kueleza habari za kazi hiyo isiyoonekana, kama ifanywavyo na watu wa kawaida huko Uingereza kabla ya mashindano ya kwanza ya mwaka. Sisemi habari za mabingwa wa dunia, wanaolipwa fedha nyingi na kufuatwa na kundi la mafundi. Nasema habari za karani, mwalimu, seremala na fundi wa mabomba, watu wafanyao kazi ya mshahara kutwa, kisha usiku hushika spana.

Mbio za watu hawa husimamiwa na vyama. Kimojawapo cha zamani ni British Motorcycle Racing Club, ambacho wanachama wake hukiita Bemsee kwa ufupi. Kiliundwa mwaka 1909, na katika miaka yake ya kwanza wanachama walishindana huko Brooklands, uwanja uliofunguliwa mwaka 1907 na ambao mbio zake za mwisho zilikuwa mwaka 1939, kabla ya vita. Siku hizi chama hicho hakina uwanja wake, bali hukodi viwanja mbalimbali, na kimoja ni Brands Hatch katika jimbo la Kent, kilomita 30 hivi kutoka London. Zamani pale watu walishindana juu ya majani. Lami ilitiwa mwaka 1950. John Surtees, aliyepata ubingwa wa dunia wa pikipiki mara 7, na mwaka 1964 akapata na ule wa motokaa, alishindana pale alipokuwa kijana, na kona moja imepewa jina lake.

Njia fupi ya uwanja huo ina urefu wa kilomita 1.9 hivi. Si njia ya tambarare. Baada ya kuanza, mwendeshaji hufika kwenye kona iitwayo Paddock Hill, ambapo barabara hugeuka kulia na papo hapo huanguka chini kana kwamba imekatwa. Halafu hupanda mlima mpaka Druids, kona iliyopinda kama kwato ya punda. Mtu mwenye pikipiki ya kiasi huuzunguka uwanja wote kwa muda usiotimia dakika moja. Basi msomaji na apige hesabu: mbio za mizunguko 8 au 10 huisha kabla chai haijapoa. Kwa ajili ya dakika hizo mtu hufanya kazi tangu Novemba hadi Machi.

Majira ya mbio huanza mwezi wa Machi na huisha Oktoba. Wale waliozoea Machi ya kwetu, wakati wa joto na vumbi tukingojea mvua, yafaa wajue kwamba Machi ya Uingereza ni mkia wa baridi. Alfajiri huenda umande umeganda juu ya majani, na jua likitoka ni la kuangaza tu. Baridi hiyo huingia katika kila sehemu ya matayarisho, kama nitakavyoonyesha.

Tuchukue pikipiki moja iliyopendwa sana na watu wa mapato madogo, yaani Suzuki SV650, iliyoanza kuuzwa mwaka 1999. Ina silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, na ukubwa wa injini ni sentimita za ujazo 645. Ilipendwa kwa sababu iliyotumika hupatikana kwa bei ya chini, vipuri vyake ni vingi, na injini yake haivunjiki ovyo. Bemsee ina daraja la mbio liitwalo Minitwins, ambalo pikipiki hii ndiyo iliyolijaza, na kanuni zake huzuia mtu kuinunulia injini nguvu nyingi kwa fedha. Hivyo ushindi hutegemea mkono wa mwendeshaji na uangalifu wa fundi, ambao mara nyingi ni mtu mmoja.

Kazi ya kwanza ni kuondoa. Taa za mbele, vioo, honi, kigingi cha kusimamishia, mahali pa kukanyaga abiria, vyote hutolewa. Hiyo ni kazi ya furaha, humalizika kwa jioni moja au mbili, na kijana aliyeianza hudhani kwamba amekwisha kuwa na pikipiki ya mashindano. Bado hajaanza.

Kazi yenyewe ni ile ya kufunga kwa waya. Kanuni zataka kwamba kila bolti ambayo ikilegea itamwaga oili, ifungwe kwa waya wa chuma isiweze kuzunguka. Kuna ile ya kumwagia oili chini ya injini, kuna kifuniko cha kujazia, kuna chujio. Na watu waangalifu hufunga na bolti za breki vivyo hivyo. Kichwa cha bolti hutobolewa tundu dogo, na chuma chake ni kigumu, hata keekee nyembamba huvunjika moja baada ya nyingine. Waya hupitishwa katika tundu, husokotwa kwa koleo, kisha ncha ya pili hufungwa mahali pasipoweza kusogea. Na hapa pana jambo ambalo mtu asiyefundishwa hukosea: waya lazima uivute bolti upande wa kukaza. Ukifungwa upande wa pili, huonekana safi machoni, lakini umeisaidia bolti kufunguka.

Kwa nini jambo dogo kama hili lishikwe kwa ukali namna hii? Ni kwa sababu ya watu walio nyuma. Oili ikidondoka pale juu ya Paddock Hill, huenda mwenye pikipiki akapita salama, asijue kitu. Lakini nyuma yake wanakuja watu ishirini au zaidi, wamejikunja, wanateremka kwa kasi wasiyoweza kuizuia, na barabara iliyokuwa kavu mzunguko uliopita sasa ni kama bakuli lililopakwa samli. Wasimamizi wa njia, ambao ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara, watainua bendera ya manjano yenye mistari myekundu, ambayo maana yake ni utelezi. Lakini wa kwanza kufika hapo huenda akafika kabla ya bendera. Kwa hiyo chini ya injini hufungwa pia sinia la kukinga oili, lenye matundu yaliyozibwa, nayo hufunguliwa mvua inaponyesha ili maji yasijae humo. Na kama msimamizi akiona jambo baya katika pikipiki, kama vile kitu kinachoning'inia au moshi wa oili, huonyeshwa bendera nyeusi yenye duara la rangi ya chungwa pamoja na namba ya mhusika, naye hupaswa kutoka njiani mara moja, hata kama ndiye anayeongoza.

Sasa nitaje jambo la maji, ambalo naona ni la ajabu kidogo. Katika nchi za baridi, kila mwenye motokaa hutia dawa katika maji ya rejeta yasigande. Katika mbio dawa hiyo ya kawaida imekatazwa, kwa kuwa ikimwagika barabarani huteleza vibaya na haikauki upesi. Basi mshindani hutumia maji matupu. Lakini maji matupu yakiganda hupanuka, na nguvu ya kupanuka kwake hupasua chuma. Kwa hiyo anayetii kanuni ya mbio huiweka injini yake katika hatari ya baridi, na dawa ya hatari hiyo ni kukumbuka tu: kumwaga maji yote kila usiku unaoelekea kuwa na baridi kali, na kuyatia tena asubuhi. Usiku mmoja wa kusahau mnamo Machi waweza kuigharimu injini iliyotengenezwa tangu Novemba.

SV650 ina tabia yake nyingine ambayo wenye kuizoea huijua. Plagi ya silinda ya mbele imekaa nyuma ya gurudumu la mbele, nayo hutupiwa maji ya mvua yote yanayorushwa na tairi. Pana kitundu kidogo cha kuyatoa maji hayo. Kitundu kikizibwa na tope, maji hujaa kuizunguka plagi, na injini ya silinda mbili huanza kwenda kwa moja. Mtu wa busara husafisha kitundu hicho kwa waya na kupaka grisi kwenye kofia ya plagi. Kazi ya dakika tano. Nimeona kwamba katika mitambo yote, hata ile ya kusagia mahindi vijijini kwetu, taabu kubwa huja kwa mlango mdogo wa namna hii.

Breki hutiwa mafuta mapya, maana mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na yakipata moto maji yaliyomo hugeuka mvuke, na mkono wa breki ukabonyea bila kukamata. Springi za mbele, ambazo katika pikipiki hii ni laini mno kwa mbio, hubadilishwa, na wengi hutafuta shokomzoba ya nyuma kutoka pikipiki nyingine iliyo bora. Meno ya cheni huchaguliwa kulingana na uwanja. Mkono wa breki ya mbele huwekewa kinga, ili mshindani mwingine akikugusa asikufungie gurudumu. Mkono wa mafuta lazima urudi wenyewe ukiachiwa. Haya nayapita upesi, si kwa kuwa ni madogo, bali kila fundi wa pikipiki ayajua.

Lipo jambo moja ambalo mimi, niliye mtu wa kalamu na faili, silipiti upesi, nalo ni daftari. Wale wanaodumu katika mchezo huu bila kuvunjika huandika. Kila nati iliyofunguliwa huandikwa, na inapokazwa hutiwa alama. Kisha juu yake huchorwa mstari wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilicho kando. Mstari ukikatika, nati imesogea, na mtu huona kwa jicho bila kushika spana. Tena wana desturi nzuri kuhusu kuitwa kwenda kula: bolti iliyoingizwa nusu haiachwi hivyo. Ama hukazwa kabisa, ama hutolewa na kuwekwa juu ya kiti, mahali pasipoweza kusahauliwa. Mtu aliyechoka saa sita za usiku huapa kwamba alikaza, kwa sababu anakumbuka kukaza jana. Ndiyo maana wengi humwita rafiki, mtu asiyeigusa kazi ile, aje apitie kila bolti siku moja kabla ya safari.

Tuje kwenye gari. Pikipiki ya mbio haina taa wala namba ya serikali, hivyo haiwezi kwenda uwanjani kwa magurudumu yake. Huchukuliwa katika gari dogo la mizigo lililofunikwa, kama Ford Transit, namna iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965 na ambayo nusu ya mafundi wa Uingereza huonekana wameikulia. Gari hili ni lori, ni karakana, ni jiko na ni kitanda. Lakini kwa kuwa si lenye kushindana, husahauliwa. Limesimama majira yote ya baridi, betri imedhoofika, matairi yamepungua upepo, na mwenyewe yuko chini ya pikipiki akiisugua. Ijumaa jioni anageuza ufunguo, nalo halisemi neno. Ada ya kuingia mashindano imekwisha kulipwa, nayo hairudishwi kwa sababu ya betri.

Kwa hiyo mwenye akili hulitengeneza gari kwanza. Hutazama breki, mikanda ya injini, tairi la akiba na jeki. Serikali ya huko hutaka gari lililozidi miaka 3 lipimwe kila mwaka, naye huangalia tarehe ya hati hiyo isije ikapita wikendi ile ile. Tena uzito wa gari pamoja na shehena yake usizidi kilo 3,500, nao hufikiwa upesi kuliko watu wanavyodhani, kwa maana humo mna pikipiki, magurudumu ya akiba yenye matairi ya mvua, jenereta, masanduku ya spana, hema, maji, chakula, na mara nyingi ndugu wawili waliokuja kusaidia.

Pikipiki hupandishwa kwa ubao, gurudumu la mbele likaingizwa katika kishikio kilichofungwa sakafuni, kisha kanda nne huivuta pande zote. Zisivutwe mpaka springi za mbele zibanwe kabisa, kwa kuwa safari ndefu namna hiyo huharibu sili zake. Petroli huwekwa katika madebe ya chuma yenye vifuniko vya kukaza, wala si katika chupa. Vitakavyotakiwa kwanza huingizwa mwisho. Mizimamoto na mkeka wa kukinga mafuta yasiharibu ardhi huwekwa karibu na mlango, kwa sababu vitahitajiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Na sasa neno juu ya usiku, ambalo naomba lisomwe polepole. Wengi hufika uwanjani Ijumaa usiku na kulala ndani ya gari. Baridi ni kali, chuma cha gari chatoa ubaridi, na lipo jiko dogo la gesi, au jenereta inayonguruma nje karibu na mlango. Ni vyepesi kuliacha jiko liwake, au kuisogeza jenereta, ili kupata joto. Wasomaji wetu wa nyanda za juu wanajua habari za watu waliolala nyumbani na jiko la makaa, milango na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, wasiamke tena. Ni hewa ile ile, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo haimbagui mtu wa Kent na mtu wa Limuru. Washindani wazoefu hulala na blanketi nyingi, jiko limezimwa, petroli iko nje, na tundu la hewa li wazi hata kama linaleta baridi. Baadhi yao hufunga kengele ndogo ya betri inayolia hewa hiyo ikiingia. Ingekuwa jambo la kusikitisha mno mtu aikinge pikipiki yake kwa waya mia kisha afe amelala kabla ya kuiwasha.

Kukicha ni pilikapilika. Maji hutiwa katika rejeta. Mshindani huenda kuandikwa, akionyesha leseni yake ya Auto-Cycle Union, chombo kilichoundwa mwaka 1903. Kisha huisukuma pikipiki mpaka kwa mkaguzi, pamoja na kofia, ngozi, glavu, viatu na kinga ya mgongo. Mkaguzi hutikisa gurudumu, huvuta waya kwa kidole, huzungusha mkono wa mafuta na kuuachia. Hutazama pia kibati ambacho mshindani amekivaa mwilini, chenye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Kibati hicho hakisaidii mwendo. Kimewekwa kwa ajili ya daktari, endapo mwenyewe hataweza kusema jina lake. Akiridhika, mkaguzi hubandika karatasi ndogo ya kibali. Asiporidhika humrudisha mtu garini, na hapo hujulikana ni nani aliyeleta waya wa akiba.

Mgeni wa mchezo huvaa kizibao cha rangi ya chungwa ili walio nyuma wajue kwamba huyu huenda akafanya jambo lisilotazamiwa. Matairi huvikwa blanketi za umeme na kupashwa moto mpaka nyuzi 80 hivi. Hata hivyo Brands Hatch ina mtego wake wa mwezi wa Machi. Kona mbili za kwanza, Paddock Hill na Druids, ni za kulia. Mwendeshaji anapotoka Druids na kuteremka, hukuta kona ya kwanza ya kushoto, iitwayo Graham Hill. Upande wa kushoto wa tairi haujafanya kazi bado, na upepo baridi umekuwa ukiupuliza njia nzima. Aliyepasha tairi lake moto kikamilifu huku akidhani kazi imekwisha, hapo ndipo huanguka, katika mzunguko wa kwanza, mbele ya watu wote. Wazee wa mchezo huichukua kona ile kwa adabu mara mbili tatu, hata wakipitwa.

Zawadi ni kikombe kidogo, na kwa walio wengi si hata hicho. Jumapili jioni, watazamaji wakiisha kuondoka, mtu humwaga maji ya rejeta chini ya taa ya mkononi, hupapasa waya mmoja mmoja, na kutazama ile mistari ya rangi. Hufungua daftari juu ya kiti cha mbele cha gari, akaandika: pedi za mbele nyembamba, cheni imelegea nusu inchi, oili ni safi, betri ya gari ipelekwe kupimwa. Kisha hufunga mlango, hufunga mkanda wa kiti, na kushika njia ya nyumbani, maana saa mbili asubuhi ya Jumatatu anatakiwa kazini.